Uzi: Mgeni anapita juu ya Kigoma kwenda kuona sokwe, pesa yake hailali hapa. Mwekezaji tumvuteje?

MwishoWaReli (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aurudie akipata nafasi.

Kila tukizungumzia uwekezaji wa utalii Kigoma tunaanza na orodha. Ziwa Tanganyika, refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani, kina chake kinakaribia mita 1,470 na ni Baikal peke yake linalolizidi. Hifadhi za sokwe za Gombe na Mahale. Mji wa kale wa Ujiji. Meli ya Liemba. Mawese, migebuka, dagaa. Orodha ni ya kweli tupu, na mgeni akishashuka stesheni au uwanja wa ndege haimchukui siku mbili kuikubali. Ila tumeisoma miaka nenda miaka rudi kwenye makongamano, na hoteli ambayo ungempeleka mgeni wako bila wasiwasi bado unaihesabu kwa vidole.

Nimefanya kazi ya kupokea wageni hapa mjini muda mrefu, na nimekaa meza moja na watu waliokuja na mtaji wakaondoka nao. Hakuna aliyeniuliza kama ziwa ni zuri. Wanachouliza ni kimoja: vyumba vyangu vitalaliwa usiku mingapi kwa mwaka? Hapo ndipo tunapobaki kutazamana. Hoja yangu basi ni hii: tutafute usiku wa pili na wa tatu wa mgeni hapahapa mjini. Usiku huo ukiwepo, mwenye mtaji atakuja bila kubembelezwa.

Najua wengi mtasema tuna sokwe, tuwatangaze zaidi. Sokwe wana kikomo, na ni kikomo cha haki. Gombe haifiki kilomita za mraba 60, wakati Serengeti ina 14,763. Kuwaona sokwe ni kwa kikundi kidogo, Mahale hakizidi wageni sita, kwa saa moja, mkiwa mbali nao kwa mita kadhaa na mmevaa barakoa, kwa sababu magonjwa ya kifua ya binadamu yamewahi kuua sokwe hawa. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960 akiwa na miaka 26. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto wakaanza Mahale 1965. Miaka zaidi ya 60 ya kuwazoesha wanyama wale watu haiwezi kugeuzwa biashara ya kupakia mabasi. Goodall ametutoka Oktoba 2025, na jina lake litaendelea kuleta watu Kigoma, lakini watakuwa wachache kila siku. Hoteli ya vyumba 40 pale mjini haitajazwa na hao.

Na wengi wa hao wachache hatuwaoni kabisa. Mgeni wa Mahale mwenye uwezo anapanda ndege ndogo Arusha, anatua pembeni ya hifadhi, anachukuliwa na boti mpaka kambini, analala siku zake tatu nne, anarudi alikotoka. Kigoma mjini ameiona kwenye ramani. Kambi zile sizilaumu, zimefanya kazi kubwa mahali ambapo hakuna hata barabara ndani ya hifadhi. Lakini muuza matunda wa Mwanga, hapa mjini, hajapata hata mia ya mgeni yule.

Sasa mjini kuna nini cha kumshika mtu siku mbili? Kuna kingi, na kimelala.

Tuanze na Ujiji. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika pale Februari 1858. Livingstone na Stanley wakakutana pale 1871. Leo mgeni anapelekwa kwenye mnara, anaoneshwa miembe inayosemekana ni uzao wa ule mwembe wa siku ile, anatazama sanamu za wazungu wawili, anapiga picha, anapanda bajaji kurudi hotelini. Saa moja haijaisha. Ujiji yenyewe hajaiona! Ule mji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Tabora. Maelfu ya watu walivushwa kutoka ng'ambo ya ziwa wakiwa watumwa, wakasimama pale kabla ya kutembezwa kwa miguu hadi baharini, wamebeba pembe za ndovu. Njia hiyo iko kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Na watu waliozaliwa na historia ile wapo mpaka leo: Wamanyema, Wabwari, Wabembe, Waha, Waarabu, jamaa wa pwani waliohamia. Wana misikiti yao, mapishi yao, ngoma zao, Kiswahili chao. Mambo yote hayo tumeyafanya hadithi ya watu wawili waliopeana mkono chini ya mti. Mmarekani mweusi anayekuja kutafuta walikopita wazee wake hana cha kuoneshwa zaidi ya viatu vya Stanley.

Ziwa nalo. Maji yake ni maangavu kiasi kwamba ukivaa miwani ya kuzamia unaona samaki wa rangi wakizunguka mawe kama uko baharini. Kuna aina zaidi ya 200 za samaki hao wa mawe, na nyingi hazipatikani popote duniani nje ya ziwa hili. Wazungu wanawafuga sebuleni kwenye matangi ya vioo, wana vyama vyao vya wafugaji, wanajua mpaka majina ya ghuba zetu. Watu hao wakija Kigoma leo, kupata miwani na mapezi ya kukodi ni kazi ya kuulizia mtaani.

Halafu stesheni ile ya Wajerumani. Reli ilifika Kigoma Februari 1914. Mwaka uliotangulia, kule Papenburg, Ujerumani, walikuwa wameunda meli, wakaifungua vipandevipande, wakaipakia kwenye makasha kama 5,000, ikaja kwa bahari mpaka Dar, ikapanda treni mpaka hapa, ikaungwa upya na kushushwa majini 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha Julai 1916 ili isichukuliwe na adui. Waingereza wakaiibua 1924, ikaanza safari 1927 kwa jina la Liemba. Nimeisimulia habari hii kwa wageni mara nyingi na sijaona aliyesinzia. Lakini naisimulia nikiwa nimesimama barabarani. Hakuna chumba hata kimoja pale chini bandarini ambapo mtu analipa kiingilio, anaona picha, anakunywa kahawa, ananunua kitenge.

Nataka tusaidiane kufikiri hapa. Pingeni, ongezeni.

Bangwe77

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka jambo kubwa. Miundombinu. Nani atajenga hoteli ya nyota nne mahali umeme unakatika na safari ya treni ni siku mbili? Mwekezaji anahesabu dizeli ya jenereta kabla ya kuhesabu vitanda. Tuwe wakweli.

MwishoWaReli

Bangwe77, hoja yako ilikuwa na nguvu zote miaka kumi iliyopita. Mji huu uliendeshwa na majenereta ya mafuta mpaka 2022 gridi ya taifa ilipofika. Daraja la Malagarasi limeshafunguliwa. Barabara ya kwenda Nyakanazi, ambayo zamani ukiipita unafika umebadilika rangi, imekuwa ikiwekwa lami kipande kwa kipande. Mkataba wa SGR, reli mpya ya kisasa, ya Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na Dar mpaka Dodoma treni inakimbia tangu 2024.

Sisemi mambo yamekamilika. Ninachosema ni kwamba SGR ikifika kabla hatujajipanga itafanya kazi moja: kumrahisishia mgeni kuondoka siku hiyohiyo. Mtu anayejenga hoteli huchukua miaka mitatu minne toka siku ya kutafuta kiwanja mpaka mgeni wa kwanza. Kwa hiyo mazungumzo ya viwanja ni ya sasa.

DadaWaUjiji

Naunga mkono hoja, na nashukuru umeitaja Ujiji kwa heshima. Naongeza kitu kimoja kwa uchungu.

Kaka yangu, kuna watu wanaokuja na mradi wa "utalii wa utamaduni" na mradi wenyewe ni kutupanga mstari tuvae khanga tucheze ngoma mchana jua kali, dakika kumi, halafu wanatoa bahasha kwa mtu mmoja. Wanawake wa mtaa wetu walishafanyiwa hivyo, bahasha ilipofunguliwa kila mmoja alipata nauli ya bodaboda. Tukiita uwekezaji, tusiite wa namna hiyo.

Ninachokiona kinawezekana ni chakula. Mgeni aje asubuhi tuende wote mwaloni, achague mgebuka mwenyewe, tupike kwa mawese na ugali wa muhogo, ale na familia. Akimaliza twende akaone mawese yanavyotengenezwa. Pale kwa mama mmoja jirani yangu chikichi huchemka kwenye pipa tangu alfajiri, zikilainika zinaingia kwenye mashine ya mkono, watu wawili wanazunguka na ule mti wa mashine, mafuta mekundu yanatoka na povu juu yake, na makapi hayatupwi, yanakaushwa yawashe moto wa kesho. Watoto wanachovya muhogo. Wageni wachache waliowahi kufika pale hawakutaka kuondoka, mmoja aliomba aachiwe azungushe mashine. Hilo halihitaji jengo la ghorofa. Linahitaji choo safi, maji ya kunawa, mtu anayejua lugha, na bei iliyoandikwa ukutani.

Na historia ya watumwa isimuliwe na watu wa Ujiji. Kuna wazee wana mambo ambayo hayajaandikwa, nao wanaondoka mmoja mmoja.

MwishoWaReli

Dada yangu, hilo la bei iliyoandikwa ukutani nalibeba. Ndilo litakalomfanya mwenye hoteli akuamini: anajua mgeni wake akitoka saa tatu asubuhi kwenda kwenu atarudi saa tisa ameshiba, amelipa kiasi kinachojulikana, na jioni atahitaji kitanda. Huo ndio usiku wa pili ninaousema.

Nahodha_Kibirizi

Habari wakuu. Mimi natoka upande wa maji.

Mmezungumza hoteli na mapishi, sawa. Njooni mwalo wa Kibirizi asubuhi muone mgeni wa Gombe anavyopanda boti ya abiria. Anafika na begi lake la mgongoni, boti iko majini mpaka magotini, hakuna gati, kijana anamwambia panda mgongoni nikubebe. Mwingine anacheka anakubali, mwingine anavua viatu anaingia mwenyewe. Ndani kuna magunia, mafuta, kuku, godoro la mtu wa Mwamgongo. Jaketi okozi zipo, ila zimekaa chini ya magunia. Boti inaondoka ikijaa. Huyo ni mgeni aliyelipia tiketi ya ndege kutoka Ulaya. Kijana wa mgongoni hana hatia, wala mwenye boti, kwa sababu abiria wake wa kila siku ni watu wa vijiji vya kaskazini na wanampa riziki. Lakini biashara mbili tofauti zimebanwa kwenye chombo kimoja.

Ukitaka boti ya kukodi ipo, na bei yake ikigawanywa kwa mtu mmoja au wawili inauma sana.

Jambo ambalo sijaona likisemwa na viongozi: sasa hivi ziwa linafungwa kwa uvuvi kila mwaka kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, makubaliano ya nchi nne zote za ziwa, tulianza 2024. Miezi mitatu hiyo boti ziko juu ya mchanga na mabaharia wamekaa vibarazani. Na ndiyo miezi kiangazi kinapoingia, wageni wanapoanza kuwa wengi, na kuanzia Julai sokwe wa Mahale ndipo wanaposhuka mabondeni. Watu wanaolijua ziwa hili usiku na mchana wamekaa bila kazi, wakati mgeni anatafuta chombo.

Boti ya dagaa haiwezi kubeba watalii kesho yake, hilo najua. Inatakiwa ibadilishwe, ipakwe, iwekewe viti na kivuli, injini mbili badala ya moja, redio, TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini, waikague na kuipa leseni ya abiria. Gharama ipo. Lakini ni gharama ndogo kuliko kununua boti mpya ya fiba kutoka Dar. Mwekezaji wa akili angekuja kukaa na chama cha wavuvi, atoe mkopo wa kubadilisha boti kumi, alipwe kwa safari.

Bangwe77

Nahodha hilo la miezi ya kufunga ziwa sikuwa nimeliunganisha. Umenifumbua macho. Ila upepo wa kusi miezi hiyo je? Unajua mwenyewe ziwa likichafuka mchana.

Nahodha_Kibirizi

Kweli kabisa, kiangazi upepo wa kusini unapiga na mawimbi yanakuwa ya kutisha kwa asiyezoea. Ndiyo maana safari za wageni ziondoke alfajiri na zijulikane zinarudi saa ngapi, na nahodha awe na mamlaka ya kusema leo hatuendi bila kugombezwa na mwenye hoteli. Tena wageni waambiwe wapi pa kuoga na wapi hapafai: kuna sehemu zina mamba, na karibu na makazi kuna kichocho. Kumficha mgeni ni kumuua na kuua biashara.

HatiMkononi

Nimesoma kimyakimya, sasa niingie kwenye ardhi kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Mnasema mwekezaji hana uhakika wa vitanda. Nakubali. Lakini wengi hawafiki hata huko, wanakwama kwenye kiwanja. Hebu niwaeleze inavyokuwa. Mtu anakuja, anaoneshwa ufukwe mzuri kusini ya mji. Anaambiwa ni wa mzee fulani. Mzee anakubali bei, wanaandikishana kwa mwenyekiti, fedha inalipwa, nguzo zinapigwa. Mwaka wa pili anatokea mtoto wa mke mkubwa. Mwaka wa tatu inajulikana kuwa ile ni ardhi ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji haukuwahi kukaa. Mteja wangu mmoja alipitia hayo yote, na pesa yake iko kwenye kesi mpaka leo.

Sheria ziko wazi. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria Na. 5 ya 1999, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli. Mgeni asiye raia hamiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na hapo ardhi ya kijiji lazima kwanza ihawilishwe iwe ardhi ya jumla, kisha ipitie kwenye mamlaka ya uwekezaji, zamani TIC, sasa TISEZA baada ya kuunganishwa na EPZA. Njia hiyo ni ndefu. Kumwachia mwekezaji aipite mwenyewe, kijiji kwa kijiji, ni kumfukuza.

Halafu kuna mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zinazoweza kuharibu mazingira yake. Watu wengi wanauza ufukwe wenyewe, yaani wanauza zile mita 60! Na safari hii si sheria tu. Tangu 2020 ziwa limepanda, wote mmeona maji yalivyoingia kwenye mialo na nyumba za kando, na wenzetu wa Gatumba kule Burundi wamehamishwa na mafuriko. Ziwa hili linatoa maji kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na mto huo uliwahi kuziba miaka ya nyuma, maji yakapanda, ulipofunguka yakashuka. Wakati wa Livingstone maji yalikuwa karibu na ule mwembe. Leo ukisimama kwenye mnara unatembea kwanza mpaka uyaone. Anayejenga bungalo kwenye mchanga kwa kuangalia maji yalipo mwaka huu anajidanganya.

Kwa hiyo pendekezo langu: halmashauri zetu zichague maeneo machache tu, hata matano, nyuma ya mita 60, yapimwe, fidia ilipwe na kuisha, barabara ya kuingilia ichongwe, hati ziwe tayari. Kiwanja chenye hati isiyo na mgogoro kina thamani kuliko filamu yoyote ya matangazo. Kaskazini tuna bahati, vijiji vinavyopakana na Gombe vilishasaidiwa na mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall, uliopo tangu 1994, kupanga matumizi bora ya ardhi. Ramani zipo. Kijiji kinajua wapi msitu, wapi shamba, wapi makazi.

MwishoWaReli

HatiMkononi, asante. Ongezea kwa faida ya wasomaji: raia akitaka kuandikisha mradi wake apate nafuu za kodi, ni lazima awe na mabilioni?

HatiMkononi

Hapana. Sheria ya uwekezaji ya 2022 ilishusha kiwango cha Mtanzania kutoka dola 100,000 hadi 50,000. Kwa mgeni ilikuwa 500,000. Dola 50,000 ni fedha nyingi kwa mmoja wetu, lakini wafanyabiashara wanne wa Mwanga na Kasulu wakiungana wanaifikia. Watu wa vitenge na samaki wa mji huu wanazo. Wanajenga maghala na nyumba za kupangisha kwa sababu hawajaoneshwa hesabu ya kingine.

Unyanyembe

Majirani zetu wa reli, tupo Tabora tunawasoma. Msijifungie. Njia ile ya misafara haikuanzia Ujiji. Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuna tembe aliloishi Livingstone, na Stanley naye alipita hapo 1871 akielekea Ujiji. Miembe mingi inayoonekana kandokando ya njia ile ni kumbukumbu ya misafara hiyo. Sisi tuna asali ya miombo, tuna Ugalla iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa 2019. Upande wenu na wetu kuna ardhioevu ya Malagarasi na Moyowosi, eneo la Ramsar (yaani ardhioevu inayotambuliwa kimataifa) tangu 2000, lile la kwanza nchini, ambako yupo yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Watu wa ndege wanavuka bahari kwa ajili yake peke yake.

Mtu akipanda treni Dar, akalala Tabora usiku mbili, akaja Ujiji usiku mbili, akaenda Gombe, hiyo ni wiki. Anayejenga Kigoma anapata mgeni aliyeuzwa safari nzima, si mgeni wa kubahatisha.

MgeniWaJukwaa

Samahani wakuu, mbona Rwanda wao wana gorila tu na nchi inaingiza pesa? Si tupandishe ada tu kama wao? Wanatoza dola 1,500 kwa mtu.

MwishoWaReli

Ndugu, swali zuri. Rwanda ilipandisha ada 2017, na siku hiyohiyo ikaongeza mgao wa jamii zinazozunguka hifadhi kutoka asilimia 5 hadi 10 ya mapato. Watu husahau nusu ya pili. Lakini angalia pia mgeni anavyofika: anatua Kigali, analala Kigali, anapanda gari kwenye lami saa mbili na ushee, analala Musanze. Kabla hajamwona gorila ameshaacha fedha kwenye miji miwili. Ukipandisha ada ya Gombe leo bila mji wa kumshika, unapandisha bei ya kupita tu. Ada iamuliwe na TANAPA, wenye hifadhi za taifa, kwa hesabu zao. Sisi wa mjini tuna kazi yetu.

Mtongwe_Kusini

Nimekaa nasubiri kama kuna atakayetutaja. Wazee wetu Watongwe waliishi kwenye milima ya Mahale kabla haijawa hifadhi 1985. Mlima Nkungwe, ule wa mita 2,462, kwetu ni mlima wa mizimu, una wenyewe, una namna ya kuuendea. Watalii wanapanda wakiambiwa urefu wake na majina ya ndege. Hakuna anayewaambia mlima ni wa nani.

Mleta uzi unasema pesa ya Mahale inaruka juu ya Kigoma mjini. Sisi inaruka juu yetu tukiwa tunaiona. Ndege inapita, boti inapita, na zahanati ni ya kusubiri. TANAPA wana mpango wa ujirani mwema, madarasa yamejengwa, sikatai. Lakini darasa ni msaada, halikupi mkataba wa kuuza samaki, mboga na mchele kwa kambi zilizoko hatua chache kutoka kwako. Mwekezaji akija, kwenye mkataba wake iandikwe atanunua nini kwetu na ataajiri wangapi kwa kazi gani, siyo kulinda geti peke yake. Vijana wetu wanazijua njia za sokwe tangu utotoni, waliokuwa wakiwasaidia Wajapani ni baba zao.

Na mkishakubaliana huko mjini, msituletee karatasi ya kusaini. Njooni kwenye mkutano wa kijiji.

MwishoWaReli

Mtongwe_Kusini, umesema haki na sina la kupunguza. Niliandika uzi kwa macho ya mtu wa mjini. Suala la manunuzi nadhani ndilo rahisi kuanza nalo, kwa sababu kambi na hoteli zinahitaji chakula kila siku na halisubiri sheria mpya. Kinachokosekana ni ubora wa kila wiki na chombo cha kusafirisha. Boti za Nahodha zikipatikana zitashuka kusini na wageni na kurudi na mchele wenu.

DadaWaUjiji

Mimi naomba tusiishie kuandika. Kuna wafanyabiashara wa vitenge ninaowafahamu ambao wangependa kusikia hayo mahesabu ya dola 50,000. Wengi ni wanawake, na hawaingii jukwaani. HatiMkononi, ungekuwa tayari kuja kuwaeleza kwa Kiswahili cha kawaida, ukiwa na ramani ya viwanja mkononi?

HatiMkononi

Niko tayari dada, wakati wowote. Ila nije na kitu cha kweli. Wiki hii naenda ofisi za ardhi kuuliza ni maeneo gani ya ufukweni yamepimwa kihalali nyuma ya mita 60 na hayana kesi. Nitakayoyapata nitayaweka hapa, yenye mgogoro nayo nitayasema, ili mtu asije akauziwa.

Nahodha_Kibirizi

Na mimi naongea na wenzangu wa mwaloni kuhusu boti mbili za kuanzia kabla ziwa halijafungwa. Nahitaji mtu anayejua bei ya viti, kivuli na injini ya pili, anipe makadirio tuyapeleke kwa fundi wa Katonga. Mwenye fundi mzuri wa mbao amtaje inboksi.